Kipande cha Njano

Watu wengine huwaonea wivu watu. Mimi nimekionea wivu kitambaa, tena kidogo tu, ukubwa wa kiganja, njano iliyopauka, kilichoshonwa karibu na katikati ya blanketi la mama mkwe wangu. Nilikionea wivu nikiwa mchumba, nikakionea wivu nikiwa mzazi. Sasa nina mvi, blanketi lenyewe liko kabatini mwangu na ufunguo ninao mimi, na bado nikilikunjua jicho langu linakwenda pale pale.

Kwao mume wangu ni huko juu, miteremkoni mwa Mlima Meru, unapandia Usa River. Mwezi wa sita na wa saba ukungu unashuka mpaka kwenye migomba, na maji ya kunawa asubuhi yanauma vidole. Katika ile miaka ambayo madukani hakukuwa na blanketi wala shuka, mama mkwe alijishonea la kwake. Kazi hiyo alifundishwa akiwa msichana na wanawake wa misheni, akaichukua, akaifanya yake. Ndani aliweka blanketi kuukuu la kijivu, mgongoni kitambaa cha amerikani, na juu vipande vya nguo za watu wa nyumba ile, vimeunganishwa kwa mkono, mishono midogo na iliyonyooka. Mgeni akilisifia kwa kuliita blanketi la viraka alisahihishwa hapo hapo.

"Kiraka kinaziba tundu," mama mkwe alikuwa akisema. "Hapa unaona tundu?"

Lilikuwa blanketi la vipande, na kila kipande kilikuwa na mwenyewe. Kulikuwa na shati ambalo baba mkwe alifungia ndoa. Kulikuwa na kanga ya mama yake mama mkwe, na kaptula ya shule ya kijana wake wa kwanza. Halafu kulikuwa na wake za watoto. Hapo ndipo ilipokuwa desturi yake, ambayo sijaikuta nyumba nyingine yoyote. Msichana akiletwa kutambulishwa, baada ya chakula mama alimwita chumbani, akamkalisha kitandani, akapindua pindo la gauni alilokuja nalo na kukata kipande kwa ndani, pasipoonekana. Kisha alikishona kwenye blanketi, msichana akiangalia. Mahari ingefuata, kanisa lingefuata, lakini kwa mama, ukishashonwa umeshaingia. Na kila mjukuu aliyezaliwa alifunikwa kwa blanketi hilo mpaka kitovu kidondoke, ili aanze maisha akiwa chini ya watu wake wote.

Mchumba wangu alinieleza haya yote kabla hajanipeleka. "Vaa gauni lenye pindo pana," alisema, na alikuwa anacheka, lakini niliona ana wasiwasi. Yeye ndiye kitinda mimba, na kitinda mimba kwa kina mama wale ni yai, hupewi hivi hivi.

Mimi nilikulia Kaloleni, katika vyumba viwili vya kupanga nyuma ya uwanja wa mpira. Wazazi wangu walitoka Kilimanjaro na hawakuwa na shamba lolote Arusha. Miaka ya ruksa ilipoanza, biashara ikafunguliwa na mitumba ikaingia, mama yangu alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kutandika turubai na kufungua belo, yale marobota ya nguo. Mitumba ndiyo iliyonilipia shule. Mama alikuwa na jicho. Belo likikatwa kamba tu, kabla wateja hawajalivamia, mkono wake ulishapita ndani na kutoka na kitu kizuri kuliko vyote, na kitu hicho alikikalia mpaka fujo iishe. Hivyo ndivyo lilivyopatikana gauni langu. Lilikuwa la zambarau, kola nyeupe, vifungo vilivyofunikwa kwa kitambaa kile kile, na pindo pana la kutosha kukata vipande vya ukoo mzima. Mama alilikalia asubuhi nzima, jioni akanipa.

"Hili si la kuuza," alisema. "Hili ni la kwendea kwa watu."

Nikaenda nalo kwa watu. Nilisalimia vizuri, nikala vizuri, nikaosha vyombo bila kuambiwa, na mama mkwe akaniita chumbani. Nilikaa kitandani. Blanketi alilitandaza magotini mwetu, na nafasi yangu ilikuwa wazi, imeachwa pembeni kidogo, karibu na kipande cha bluu chenye madoadoa cha mke wa kaka mkubwa wa mchumba wangu. Aliinua pindo langu, akalipapasa kwa kidole gumba, akaridhika.

"Limeshonwa vizuri hili," alisema. "Fundi gani?"

Laiti ningenyamaza. Lakini nilikuwa binti wa mama yangu na nilijivunia.

"Si la fundi, mama. Ni la mtumba. Ila ni grade ya kwanza, halijavaliwa sana."

Mkasi ukasimama. Alilisogeza pindo puani akanusa. Nililifua na kulianika na kulipiga pasi, lakini harufu ile ya dawa ya kwenye belo haitoki haraka, sote tunaijua.

"Mwenyewe yuko wapi?" akauliza.

"Mwenyewe nani, mama?"

"Aliyelivaa."

"Sijui, mama. Huko huko Ulaya."

"Hujui," alisema. Akaushusha mkasi. "Kafa."

Wadogo labda hawakumbuki, lakini miaka ile nguo hizo ziliitwa kafa Ulaya. Watu waliamini kwamba ni nguo za wazungu waliokufa, kwa sababu mtu mzima mwenye akili na afya anawezaje kutupa koti zima kama lile? Sisi wa mjini tulilisema kwa utani, tukavaa, tukaenda disko. Mama mkwe hakuwa na utani.

"Blanketi hili linafunika vichanga," alisema, bila ukali, na huo upole ndio ulioniumiza. "Siwezi kumfunika mtoto na marehemu nisiyemjua."

"Nitaleta gauni jingine, mama. Nitashonesha jipya, nitakuja nalo wiki ijayo."

"Umeingia na hili, mwanangu. Wiki ijayo utakuwa unarudi tu."

Akachukua kipande cha amerikani nyeupe kilichobaki aliposhona mgongo wa blanketi, akakikata kwa kipimo, akakishona pale palipokuwa pangu. "Kwa sasa," alisema. Nilikaa nikaangalia sindano ikiingia na kutoka. Nisingeweza kulia, kwa hiyo nilivitazama vipande vingine kimoja kimoja ili macho yawe na kazi, na ndipo nilipokiona cha njano. Kilikuwa kimekaa mahali pazuri, karibu na shati la baba, kitambaa cha kiwanda cha hapa hapa kwetu, kipya wakati kinakatwa. Kilikuwa kitambaa cha mwanamke. Wana wa nyumba ile walikuwa wawili, na kaka mkubwa alikuwa na mke mmoja tu, naye alikuwa na madoadoa yake.

Nilimfuata yule mke wa kaka jikoni, alikokuwa anamenya ndizi.

"Cha njano ni cha nani?" nikamuuliza.

Alichukua ndizi nyingine. "Hukuambiwa?"

"Sikuambiwa nini?"

"Basi mimi sijasema," alisema, halafu akasema yote. Kulikuwa na msichana kabla yangu, binti wa shamba la jirani. Aliletwa, akatambulishwa, akashonwa. Halafu akaenda Dar es Salaam kusomea unesi, huko akapata mwingine mwenye gari, na mchumba wangu akakaa wiki nzima hali chakula. Kipande kikabaki kwa sababu mama hakuwa mtu wa kufumua. Kilichoshonwa kimeshonwa.

Nilishuka mlima siku ile nikiwa na gauni langu zima, halijapungua hata uzi. Nikamweleza mama yangu, nikitegemea atanifariji. Mama alikuwa anakunja suruali za watoto.

"Mwambie mkweo hao wazungu hawajafa," alisema. "Wameshiba tu."

Nilicheka, naye akacheka. Kisha akaichukua suruali ile ile aliyokwisha kuikunja, akaikunjua, akaikunja upya, na nikajua kwamba jambo lile limemuuma kuliko nilivyodhani. Lile gauni ndilo lililokuwa bora katika kila alichokuwa nacho.

Tukaoana hata hivyo. Tukapanga Kijenge, mume wangu akiwa karani mjini, mimi nikimsaidia mama biashara. Nilijitahidi kutolitaja blanketi. Nilijitahidi mpaka siku ya tatu, hivi.

"Ulilia sana alipokuacha?" nikamuuliza mezani.

"Nani?"

"Wa njano."

Alinyanyua macho kutoka kwenye wali wake. "Ni kitambaa tu kile," alisema.

"Kama ni kitambaa tu, kifumue."

"Mwambie mama."

Huyo ndiye mume wangu. Mwambie mama, na mama naye utamwambia nini? Kila tulipopanda mlimani nililikuta blanketi limetandikwa kitandani, limenyooka, na kile cha njano kinanitazama, na pembeni nyeupe yangu, safi, haina mtu. Nilipata hata tabia ya kukaa juu yake. Nikiitwa chumbani kwa mama nilichagua kukaa pale kwenye njano, kwa uzito wangu wote, nikijisikia vizuri kidogo.

Halafu nikatafuta njia ya akili. Ilikuwa ndiyo miaka ambayo maduka ya mjini yalianza kujaa vitu vya Dubai, na kitu kilichotamaniwa na kila mama wa Arusha kilikuwa lile blanketi zito la manyoya lenye picha ya chui. Nilibana matumizi, nikanunua moja kubwa, chui amelala kwenye majani anakutazama, ndani ya mfuko wake wa plastiki wenye zipu. Nikampelekea mama mkwe Krismasi. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: atajifunika chui, la vipande litaingia sandukuni, na panya watafanya kazi yao.

Mama alifurahi kwa dhati. Aliita majirani. Chui alipapaswa na kila mtu, akasifiwa, na akawekwa kwenye kochi la sebuleni akiwa ndani ya plastiki yake, na humo ndimo alimoishi miaka yote, wageni wakikatazwa kumwegemea. Chumbani, kitanda kilibaki na vipande.

Mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, alizaliwa mwezi wa saba, wakati wa baridi. Desturi ilinitaka nikauguzwe kwa mkwe, nikapanda. Sina lawama kuhusu malezi ya mama mkwe. Alinikanda kwa maji ya moto, alinifunga tumbo, alinipikia mtori wa ndizi na mifupa asubuhi na jioni mpaka mwili ukarudi. Lakini mtoto wangu alilazwa chini ya blanketi lile. Nilikuwa nimemzaa mimi, kwa uchungu wangu mimi, naye akafunikwa na babu yake, bibi zake, mke wa baba yake mkubwa, na mwanamke aliyemwacha baba yake kwa ajili ya mtu mwenye gari. Mama yake alikuwa nyeupe. Mama mkwe asipokuwepo nililigeuza blanketi, ili njano ikae miguuni na nyeupe ije kifuani. Akirudi aliligeuza tena, bila neno, kwa sababu juu na chini ya blanketi alivijua mwenyewe.

Na siku moja mwenye njano akaja.

Alikuwa amekuja likizo kwao, kwenye shamba la jirani, akasikia kuna mzazi. Aliingia na kanga mpya na kopo la maziwa. Alikuwa mzuri, nalisema hilo moja kwa moja kwa kuwa ningetaka sana awe mbaya. Alimsalimia mama kwa kupiga goti kidogo, "Shikamoo mama," na mama akamjibu, "Marahaba, mwanangu," akamshika kichwa. Mimi, tangu nijifungue, nilikuwa nimeshakuwa "mama mtoto".

"Hongera sana, dada," aliniambia. "Pole na kazi."

"Asante," nikasema.

Mama akampakulia mtori. Kutoka kwenye sufuria yangu. Mtori wa mzazi, uliopikwa kwa mfupa ulionunuliwa kwa ajili yangu, ukaingia kwenye bakuli la mwanamke ambaye hakuwa amezaa chochote pale ndani, naye akaula wote na kusema kwamba Dar hakuna mtori. Mume wangu aliingia wakati huo, akamwona, akasalimia, akaichukua chupa ya chai na kusema anakwenda kuijaza. Chupa ilikuwa imejaa. Tulimwona kupitia dirishani akisimama nayo kwenye migomba.

Kisha mgeni akaliona blanketi. Alinyoosha kidole, akakigusa kipande chake pale kilipokuwa, juu ya tumbo la mwanangu.

"Jamani," alisema. "Kumbe bado kipo."

"Kiende wapi?" mama akasema.

"Mama yangu ndiye aliyelishona lile gauni," alisema, akimweleza mama lakini akinitazama mimi. "Alipanga foleni ya kitambaa toka alfajiri. Nalo liliibiwa Dar, kwenye kamba. Sina kitu kingine alichokishona."

Mama yake alikuwa amekufa. Hilo nililijua kutoka kwa mke wa kaka. Mtu mwenye moyo mzuri angelainika hapo. Mimi nilizidi kuchukia, kwa sababu mpaka wakati ule nilikuwa na haki yangu yote mkononi, na sasa naye alikuwa na sababu. Mtoto akaanza kulia. Akaomba ampakate, na ningekataaje mbele ya mama? Akampakata, akamtikisa kidogo kinesi, na mwanangu akanyamaza.

Alipoondoka nilimwambia mama mkwe kwamba hamu ya mtori imeniisha.

Miaka ikaenda. Mitumba ikawa ndiyo nguo ya kila mtu, Themi na Kijenge na huko juu mlimani. Jumapili moja nikamwona mama mkwe akitoka kanisani amevaa sweta zito la sufu, rangi ya kahawia, vifungo vya ngozi. Nililijua mara moja. Mama yangu ndiye aliyempelekea, walikuwa wamezoeana na wamekuwa mashoga, jambo ambalo pia sikuwa nimelipenda sana. Nilisubiri tufike nyumbani.

"Mama, sweta hilo si la mtumba?"

"La mtumba."

"Na mwenyewe?"

Alijua ninakwenda wapi. Alifungua vifungo viwili vya juu, taratibu, akakaa kwenye kochi mbali na chui.

"Sweta navaa mimi," alisema. "Mimi mzee. Mimi na wafu tunaelewana. Mtoto mchanga bado hajui kuelewana na mtu."

Nilikwenda jikoni nikavigonganisha vyombo.

Gauni la zambarau nililitunza. Nilinenepa, halikunipita tena mabegani, lakini nililifua kila mwaka na kulianika kivulini lisipauke. Harufu ya belo ilitoka kabisa. Nilikuwa namngoja mama. Alikuwa amesema kwa sasa, na kwa sasa ina mwisho wake, ndivyo nilivyolishika lile neno.

Alipougua ule ugonjwa wa mwisho sisi ndio tuliohamia kwake, kwa kuwa nyumba ya mama ni ya kitinda mimba. Macho yalikuwa yamemwishia. Asubuhi moja kulikuwa na jua zuri, nikamtoa nje, nikamfunika miguu na blanketi la vipande. Akaanza kulipapasa. Alivijua vyote kwa vidole, akavitaja, shati la baba, kanga ya mama yake, madoadoa. Kwenye njano alitaja jina la yule mwanamke na kuuliza kama ana watoto. Nikasema anao. Akaenda mpaka pembeni, kidole kikafika kwangu.

"Hapa nilisema kwa sasa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Lile gauni lipo?"

"Lipo, mama. Nimelitunza. Nikuletee?"

"Lilikuwa zuri," alisema. "Pindo pana." Na kidole chake kikahamia kipande kilichofuata.

Hata hivyo nililitoa. Nikalinyoosha, nikalitundika kwenye kiti karibu na kitanda chake, na mkasi juu yake, na sindano yenye uzi wa zambarau. Nilifikiri akiamka na nguvu kidogo ataulizia. Hakuulizia. Siku chache baadaye wakaja wanawake wa kanisani kumwogesha kwa ajili ya maziko, na mmoja akanisogezea lile gauni akiuliza kama ndilo la kumvika.

Baada ya matanga nilibaki na nyumba, na blanketi, na mkasi. Hakuna aliyekuwa juu yangu tena. Nilikaa kitandani mwa mama na gauni magotini, nikalipindua pindo, nikaweka mkasi. Sikuweza. Si kwa kumwogopa marehemu, si mama wala yule wa Ulaya. Ila kipande kile mtu hajikatii. Lazima awepo mtu wa kukuinulia pindo na kukubali, na mimi nikijikatia mwenyewe nitakuwa nimepokewa na nani? Nikakunja vyote viwili, nikavifungia. Ningeweza pia kufumua njano siku ile. Nilishika wembe, nakiri, nikauweka. Nilimkumbuka mama wa mwenye njano kwenye foleni ya alfajiri, na nikamlaani kwa kunijia akilini.

Mwaka jana mwanangu, yule aliyefunikwa mwezi wa saba, akaleta msichana. Wamekutana chuoni. Alikuwa na miwani, alikula kwa furaha, alisaidia vyombo. Baada ya chakula nikamwita chumbani, nikamkalisha kitandani, nikatandaza blanketi magotini mwetu. Nikapindua pindo la gauni lake, la maua madogo madogo.

"Fundi gani?" nikauliza.

"Wala, mama, ni la mtumba," alisema. "Nimelipata sokoni Kilombero."

Hakuona aibu hata kidogo. Na mimi nikamwonea wivu, huyu mtoto wa watu, kwa jinsi lilivyomtoka mdomoni kirahisi, na kwa jinsi mkasi wangu ulivyokata papo hapo, bila kunusa. Ningekataa ningeonekana kichaa. Nilikishona kipande chake akiangalia, na nilishona vizuri, nilijifunza kwa mwenye kujua. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

Msichana akawa anavigusa vipande vingine na mimi namweleza, huyu babu, huyu bibi, huyu mama mkubwa. Akapita juu ya nyeupe bila kuuliza. Nani angeuliza juu ya nyeupe?

"Na wewe mama," akasema, "chako ni kipi?"

Niliweka kidole kwenye njano.

"Hiki," nikasema.

"Kizuri," alisema. "Rangi imepauka lakini inaonekana lilikuwa gauni zuri."

Nilisubiri mume wangu akohoe, kama alivyozoea kila nikitia chumvi. Hakukohoa. Alikuwa anakitazama kile kipande chini ya kidole changu, na uso wake ulikuwa umelainika kwa namna ambayo sikuwa nimeiona kwa miaka mingi.

"Lilikupendeza sana lile gauni," alisema.

Msichana akacheka, akaona ni mapenzi ya wazee. Mimi nilinyanyua macho haraka nione anamwona nani amelivaa, lakini alikuwa ameshageuka, anatazama nje kwenye migomba.